Dawa, Mshauri, Kundi au Kikao cha Kutatua Matatizo: Kuchagua Tiba ya Sonona Nyanda za Juu Kusini

Mtu akishaambiwa zahanati kwamba ana sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito na kukosa hamu, hubaki na maswali mawili: nianze na tiba ipi, na nitaweza kuifuata mpaka mwisho? Kwa anayeishi Makete, Mufindi, Ileje au Rungwe, swali la pili lina uzito kuliko la kwanza. Tiba nne zinazolinganishwa hapa zote zimepimwa kwa utafiti, na zote zimeonekana kusaidia. Wengi wanaokosa nafuu waliishia njiani: barabara ilikatika, nauli iliisha, msimu wa kupanda uliingia, au hakuna aliyewaeleza kwamba wiki za mwanzo ndizo ngumu.

Kabla ya kuchagua, pima

Kipimo kinachotumika sana ni PHQ-9. Kipo kwa Kiswahili na kimefanyiwa utafiti hapa Tanzania. Kina maswali 9 kuhusu wiki 2 zilizopita: kukosa hamu ya shughuli, huzuni, usingizi, uchovu, chakula, kujiona hufai, kushindwa kutuliza akili kwenye jambo moja, mwili kuwa mzito au kutotulia, na mawazo ya kufa au kujiumiza. Kila swali lina alama 0 hadi 3, na jumla haizidi 27. Alama 5 hadi 9 ni hali nyepesi, 10 hadi 14 ya wastani, 15 hadi 19 inaelekea kuwa kali, 20 na kuendelea ni kali. Swali la tisa lisomwe peke yake. Hata kama jumla ni 8, aliyepata alama 1 kwenye swali hilo aulizwe zaidi siku hiyohiyo, kabla hajatoka chumbani.

Alama peke yake haitoshi kumpa mtu tiba. Upungufu wa damu, ugonjwa wa tezi ya shingo, VVU ambayo haijaanza kutibiwa na pombe ya kila siku vinaweza kuleta dalili hizohizo. Aliyefiwa majuma machache yaliyopita anaweza kupata alama 14 akiwa anaomboleza tu kama inavyotakiwa. Kuna pia swali ambalo husahaulika sana: je, amewahi kupitia siku kadhaa za kuchangamka kupita kiasi, halali na hachoki, anatapanya fedha, anaongea asishikike? Kama jibu ni ndiyo, dawa ya sonona peke yake inaweza kumrudisha kwenye hali hiyo. Huyo aonwe na daktari wa akili kwanza.

Vigezo vya kulinganisha

Kila tiba hapa chini inatazamwa kwa mambo yaleyale: inafanyikaje, utafiti umeona nini, inahitaji muda na safari kiasi gani, inaharibikia wapi, na inamfaa nani. Bei haikupewa kichwa chake, kwa sababu kwa watu wengi wa mikoa hii gharama kubwa ni nauli na siku ya kazi inayopotea.

1. Dawa

*Inavyofanyika.* Dawa mbili utakazokutana nazo zaidi ni fluoksetini na amitriptilini. Fluoksetini huanzwa kwa miligramu 10 au 20, mara moja kwa siku, asubuhi. Amitriptilini huanzwa kwa miligramu 25 wakati wa kulala, kisha huongezwa 25 hadi 50 kila wiki chini ya uangalizi, mpaka kufikia 100 hadi 150.

*Ushahidi.* Mwaka 2018 Andrea Cipriani na wenzake walikusanya majaribio 522 yenye washiriki 116,477, wakalinganisha dawa 21. Zote zilizidi kidonge kisicho na dawa ndani yake. Amitriptilini ilikuwa miongoni mwa zenye nguvu zaidi, na fluoksetini miongoni mwa zile ambazo watu wachache waliziacha. Wengi wa waliojaribiwa walikuwa watu wazima wenye hali ya wastani au kali, na walifuatiliwa takriban wiki 8. Matokeo hayo kwa hiyo hayamsaidii sana mwenye alama 7 anayejiuliza kama ameze.

*Muda na safari.* Madhara huja wiki ya kwanza, nafuu huja wiki ya nne hadi ya sita. Huo mpangilio ndio unaowashinda wengi. Baada ya dalili kuisha, dawa huendelea miezi 9 hadi 12, kisha hupunguzwa polepole kwa wiki 4 au zaidi. Dozi ikishatulia, safari moja kwa mwezi inatosha, na hapo ndipo dawa inapozishinda tiba nyingine kwa mtu wa mbali.

*Panapoharibika.* Kosa la kwanza ni dozi ndogo isiyopandishwa. Mgonjwa anapewa amitriptilini ya miligramu 25, analala vizuri, mhudumu anaridhika, na miezi inapita kwa dozi ambayo kwa watu wazima wengi ni ya kuanzia tu. Usingizi umerudi lakini sonona ipo palepale. Kosa la pili ni kuacha wiki ya pili kwa sababu ya kichefuchefu na kutotulia kwa fluoksetini, au mdomo kukauka na choo kigumu kwa amitriptilini. Mengi ya madhara hayo hupungua, na ni wajibu wa anayeandika dawa kuyataja mapema. Kosa la tatu ni kuacha ghafla mara tu nguvu zinaporudi.

Pombe ni tatizo la peke yake. Msimu wa ulanzi Iringa, au kimpumu kule Unyakyusa, ukikutana na amitriptilini mtu anasinzia kwa kiwango cha hatari. Na amitriptilini nyingi ikimezwa kwa mara moja huvuruga mapigo ya moyo na kuua. Mwenye mawazo ya kujiua apewe dawa za wiki moja tu, na zikae kwa ndugu.

Jambo jingine ni la mikoa hii hasa. Utafiti wa kitaifa wa 2016–2017 ulikuta maambukizi ya VVU kwa watu wazima yakiwa asilimia 11.4 Njombe, 11.3 Iringa na 9.3 Mbeya. Wengi wanaohitaji tiba ya sonona basi wanahudhuria CTC, kliniki ya tiba ya VVU. Dawa za VVU za mstari wa pili (zinazotolewa za kwanza zikishindwa) zenye ritonavir hupandisha kiwango cha amitriptilini mwilini. Kadi ya CTC iwekwe mezani kabla dawa haijaandikwa, hata kama inatolewa chumba kingine.

*Inamfaa nani.* Mwenye alama 15 na kuendelea, aliyezidiwa kiasi kwamba hawezi kukaa akazungumza, au aliyewahi kupona kwa dawa hiyohiyo. Mjamzito na anayenyonyesha waanze na mazungumzo inapowezekana. Mtoto chini ya miaka 12 asipewe dawa hizi kwa sonona. Mzee au mwenye ugonjwa wa moyo asipewe amitriptilini.

2. Mshauri wa mtu mmoja mmoja: tiba ya fikra na vitendo

*Inavyofanyika.* Tiba hii ilianzishwa na Aaron Beck huko Marekani miaka ya 1960. Ina sehemu mbili. Moja ni kuchunguza fikra zinazomkandamiza mtu na kuzipima kwa ushahidi. Nyingine ni kurudisha shughuli, na hii ndiyo inayofundishika kwa urahisi zaidi, kwa hiyo inastahili kuelezwa kwa undani.

Wiki ya kwanza mgonjwa anaandika anachofanya saa kwa saa na kuipa hali ya moyo alama 0 hadi 10. Chukua mkulima wa viazi wa pande za Uporoto. Karatasi yake inaweza kusomeka hivi: *Saa 1 asubuhi, nimelala, 2. Saa 4, nimekaa jikoni, 3. Saa 9, nimempelekea jirani maziwa, 5. Saa 12 jioni, peke yangu, 2.* Mshauri mzuri hatoi hotuba hapo. Anauliza, "Baba, hii tano ya saa tisa ilitokana na nini?" Kikao kinachofuata wanapanga maziwa mara tatu kwa wiki na kazi moja ya shambani. Kazi hiyo iwe na siku, saa, ukubwa na mwenzi: "Jumanne saa 3 asubuhi, mistari miwili ya viazi, pamoja na shemeji." Mpango wa "nitarudi shambani" haufanyiki. Kanuni yake ni kwamba mtu anafanya kwa sababu saa imefika, hata kama moyo haujataka, kwa kuwa kwenye sonona hamu hufuata tendo.

Asiyejua kuandika ahesabu kwa punje za mahindi kwenye bakuli, punje moja kwa kila alama. Inafanya kazi vilevile.

*Ushahidi.* Huko Goa, India, washauri wasio wataalamu walitoa vikao 6 hadi 8 vya kurudisha shughuli kwa wagonjwa wa vituo vya afya wenye sonona kali. Jaribio lilikuwa na watu 495, na matokeo yalitoka mwishoni mwa 2016. Baada ya miezi 3, asilimia 64 walikuwa wametoka kwenye kiwango cha ugonjwa, dhidi ya asilimia 39 ya waliopata huduma ya kawaida. Mwaka huohuo jaribio la Uingereza lenye watu 440 lilionyesha kwamba kurudisha shughuli peke yake, kukitolewa na wahudumu wa ngazi ya chini, hakuzidiwi na tiba kamili ya fikra inayotolewa na wataalamu. Matokeo hayo mawili yana maana kubwa kwa mikoa ambayo wanasaikolojia ni wachache. Anayeambiwa "hapa hakuna mwanasaikolojia" anaweza bado kuomba kitu hiki kwa muuguzi wa afya ya akili au afisa ustawi wa jamii aliyefunzwa.

Tiba hii pia huacha kitu mkononi. Katika utafiti wa Hollon na wenzake wa 2005, kati ya waliopona na kuacha dawa, asilimia 76 walirudiwa ndani ya mwaka. Kati ya waliopona kwa tiba ya fikra na kumaliza vikao, walirudiwa 31.

*Muda na safari.* Vikao ni vya kila wiki, kwa kawaida kati ya dakika 40 na saa nzima. Hapo ndipo penye mzigo: safari ya kila wiki kutoka ndani ya Makete au Ludewa wakati wa mvua ni kumtaka mtu aache tiba. Anayeweza aanze Mei au Juni, mvua zikishakatika, au akubaliane na mshauri wake vikao viwili vya kwanza viwe vya ana kwa ana na vingine kwa simu.

*Panapoharibika.* Mshauri anageuka mhubiri au mzee wa baraza. Kazi ya nyumbani inatolewa lakini haikaguliwi kikao kinachofuata, na mgonjwa anaacha kuifanya. Au kazi ni kubwa mno: mtu aliyelala mwezi mzima anaambiwa alime nusu eka, anashindwa, na kushindwa kule kunamthibitishia kwamba hafai.

*Inamfaa nani.* Mwenye alama 10 hadi 19 anayeweza kufanya kazi ndogo kati ya vikao, asiyetaka au asiyeweza kumeza dawa, na ambaye sonona yake imekuwa ya kurudirudi.

3. Kundi la mahusiano

*Inavyofanyika.* Watu 6 hadi 10, jinsia moja, hukutana kila wiki kwa dakika 90 na kiongozi aliyefunzwa. Kila mmoja anaunganisha ugonjwa wake na moja ya sehemu nne: msiba, ugomvi, mabadiliko makubwa ya maisha, au upweke. Kiongozi hatoi majibu. Anasaidia kundi kumuuliza mwenzao: ulimwambiaje, alijibuje, ungeweza kusema vipi vingine? Mara nyingi maneno hayo hujaribiwa palepale, mmoja akishika nafasi ya mume au mkwe.

*Ushahidi.* Ushahidi wa karibu nasi ni wa Uganda. Paul Bolton na wenzake walifanya kazi katika vijiji 30 vya Masaka na Rakai, wakachapisha mwaka 2003. Viongozi walikuwa watu wa hapohapo waliofunzwa wiki 2, na makundi yalikutana wiki 16. Waliokuwa na sonona walishuka kutoka asilimia 86 hadi 6.5. Katika vijiji vya kulinganisha walishuka pia, kutoka 94 hadi 54.7. Soma namba zote nne: wapo wanaopona bila tiba hii, na tofauti iliyobaki juu ya hapo ni kubwa sana. Shirika la Afya Duniani limetoa mwongozo wenye vikao 8.

*Muda na safari.* Kundi likiwa kijijini, nauli inakuwa sifuri. Panga siku isiyo ya mnada, na kubalianeni tangu mwanzo kwamba msiba ukitokea kikao kinahamia siku fulani, la sivyo mwezi mmoja wenye misiba miwili unalimaliza kundi.

*Panapoharibika.* Siri. Kijijini kila mtu ni shemeji wa mtu, na neno moja likifika kisimani kundi limekufa. Mkwe na mama mkwe wasiwekwe pamoja. Kundi la VICOBA lililopo tayari lisigeuzwe kundi la tiba, kwa sababu wanaodaiana hawasemi yote. Mtu mpya asiingizwe baada ya kikao cha pili. Lugha nayo izingatiwe: bibi wa Kikinga au wa Kinyakyusa anaweza kusalimia na kufanya biashara kwa Kiswahili, lakini akizungumzia mtoto aliyemzika atataka lugha yake.

*Inamfaa nani.* Aliyefiwa na akakwama kwenye majonzi miezi mingi, mwenye ugomvi wa ndoa au wa ukoo, aliyehamia kwa mume na kujikuta peke yake. Hamfai mwenye siri ambayo ikivuja inamhatarisha.

4. Kikao cha kutatua matatizo

*Inavyofanyika.* Mfano unaojulikana zaidi ni benchi la urafiki la Zimbabwe, lililoanzishwa na daktari wa akili Dixon Chibanda mwaka 2006 huko Mbare, Harare, akiwa na bibi 14 wahudumu wa jamii. Umeshafika Malawi na Zanzibar. Mgonjwa anataja matatizo yote, anachagua moja, analieleza kwa usahihi, anatafuta njia kadhaa, anachukua moja, na wiki inayofuata wanatazama imekwendaje. Kazi kubwa ipo kwenye kulieleza. "Nina shida ya fedha" halitatuliki. "Nadaiwa shilingi 180,000 na wakala wa mbolea, na atakuja Ijumaa" linatatulika: kumpigia kabla hajaja, kumpa sehemu, kuuza debe tatu za mahindi, kumwomba kaka awe shahidi wa makubaliano mapya.

*Ushahidi.* Jaribio la 2016 lilikuwa na watu 573 katika kliniki 24 za Harare, vikao 6. Baada ya miezi 6, waliokuwa bado na dalili za sonona walikuwa asilimia 13.7 dhidi ya 49.9 ya waliopata huduma ya kawaida iliyoboreshwa. Zaidi ya theluthi moja ya washiriki walikuwa wanaishi na VVU, jambo linaloufanya mfano huu uwafae watu wa CTC.

*Muda na safari.* Ni fupi kuliko zote, na inaweza kutolewa na mhudumu wa afya ngazi ya jamii aliyefunzwa na kusimamiwa, siku ileile mgonjwa anapofuata dawa zake nyingine.

*Panapoharibika.* Mhudumu anamchagulia mgonjwa tatizo. Au mke anayepigwa anasaidiwa "kutatua" hasira za mumewe. Huyo anahitaji dawati la jinsia la polisi na ustawi wa jamii. Usimamizi ukikosekana, baada ya miezi michache kikao hugeuka kuwa mawaidha.

*Inamfaa nani.* Hali nyepesi hadi ya wastani yenye chanzo kinachoonekana: deni, ada, ardhi, ugonjwa wa muda mrefu.

Kuchagua kwa hali yako

Alama 5 hadi 9, chanzo kinajulikana: kikao cha kutatua matatizo, na kipimo kirudiwe baada ya wiki 4.

Alama 10 hadi 14: tiba yoyote ya mazungumzo iliyo karibu. Msiba au ugomvi unaelekeza kwenye kundi, na kuacha shughuli zote kunaelekeza kwa mshauri. Ikiwa hakuna hata moja ndani ya safari unayoimudu mara nne kwa mwezi, dawa yenye ufuatiliaji wa kweli ni chaguo halali kabisa, na hakuna sababu ya kuionea aibu.

Alama 15 na kuendelea: dawa na mazungumzo kwa pamoja. Tafiti zilizokusanywa zinaonyesha muungano huo unazidi kimoja peke yake. Ngazi ya wilaya ikishindwa, omba rufaa ya kitengo cha afya ya akili, Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya au hospitali ya rufaa ya mkoa wako. Kama una bima ya CHF (mfuko wa afya ya jamii), fuata ngazi na uombe cheti cha rufaa kabla hujapanda gari.

Mjamzito au aliyejifungua karibuni: mazungumzo kwanza, na ataje sonona kliniki ya mama na mtoto hata kama hakuulizwa.

Mwenye mawazo ya kujiua: hospitali leo, asiachwe peke yake njiani. Kwenye nyumba za wakulima wa viazi, nyanya na chai, sumu ya wadudu huwa chini ya kitanda au jikoni. Itolewe nyumbani siku hiyohiyo, ikakae kwa jirani au kwenye stoo yenye kufuli ambayo ufunguo wake hana. Sri Lanka ilipopiga marufuku viuatilifu vyenye sumu kali zaidi, vifo vya kujiua vilishuka sana, kwa sababu kwa wengi saa ya hatari ni fupi na kisichokuwepo mkononi hakinyweki.

Kwa tiba yoyote utakayoanza, rudia PHQ-9 baada ya wiki 6 na uende na karatasi ya mwanzo. Kushuka kwa alama 5 au zaidi ni dalili ya kuendelea. Pungufu ya hapo, anza kwa kuuliza kama dozi ilipandishwa, au kama vikao vilifanyika vyote. Kama ndiyo na bado haijashuka, badilisha au ongeza tiba ya pili wiki hiyohiyo.